Neno "Pound" na Asili Zake

Leo natutazame neno moja fupi la Kiingereza, nalo ni "pound". Mwanafunzi hulijua mapema, kwa kuwa ndilo lililotupa neno letu pauni. Lakini asomapo baruani kwamba mbuzi wa baba yake yumo katika "pound", hushangaa: je, mnyama amepimwa, au ameuzwa? Hakupimwa wala hakuuzwa. Amekamatwa akizurura, naye amefungiwa katika zizi la wanyama waliopotea, hatoki mpaka mwenyewe alipe faini. Asiyejua hayo hukaa kitako akingoja fedha, na kumbe anayedaiwa ni yeye.

Hizi si maana tatu za neno moja, bali ni maneno matatu mbalimbali yaliyokutana katika sauti moja.

La kwanza, la uzani, lilitoka kwa Warumi. Wao walisema "libra pondo", yaani ratili moja kwa uzito. Waingereza walilishika neno la pili katika kusema, na la kwanza katika kuandika: ndiyo sababu ratili huandikwa lb., na alama ya pauni, £, ni herufi L iliyopigwa mstari. Pauni ya fedha nayo ilizaliwa mizanini, kwa kuwa zamani ratili moja ya madini ya fedha ilifuliwa peni 240. Hesabu hiyo ya peni 240 ilidumu Uingereza hata mwaka 1971, ingawa pauni ilikuwa imekwisha kuachana na uzito wake karne nyingi kabla. Kwetu Afrika ya Mashariki shilingi ilianza mwaka 1921, na shilingi 20 zikaitwa pauni.

La pili, la zizi, ni la Kiingereza cha kale: mahali palipozungushiwa ua. Ndugu yake ni "pond", yaani kidimbwi, kwa kuwa maji nayo yamezuiwa humo.

La tatu maana yake ni kutwanga. Zamani halikuwa na d mwishoni. Herufi hiyo ilizuka vinywani mwa watu, kama ilivyozuka katika "sound", yaani sauti. Pasipo d hiyo, lisingalifanana na wenzake kamwe.

Msomaji na atazame maneno ya jirani. Likitanguliwa na hesabu, ni ratili au pauni. Likifuatwa na mahindi, ni kutwanga. Na mnyama akitajwa kuwa ndani yake, afunge safari siku ile ile.