Julai ni baridi, lakini sukuma panda sasa

Baridi imeshika kutoka Kangemi hadi Dagoretti, na wasee wengi wanangoja mvua ya Oktoba ndiyo wapande. Shida ni kwamba mvua ikifika kila mtu ana sukuma, na bei Marikiti inaanguka. Kwa hivyo anza kuhesabu kutoka siku ya kuvuna. Miche ukiipandikiza sasa, utaanza kuchuma baada ya wiki 6 hadi 8, Septemba ikiwa kavu na mboga adimu. Spinachi pia inavumilia baridi. Terere ngoja kwanza, inapenda joto; saa hii itadumaa tu.

Huna shamba? Jaza gunia udongo na samadi, katikati mawe ili maji yashuke. Lakini magunia yawe yale unayoweza kumwagilia: Kawangware mifereji hukauka, na mtungi wa lita 20 si bure.