Namba za stakabadhi nazo huisha

NYASHIMO – Msimu wa pamba ukifunguliwa, mkulima hupimiwa mzigo, hukatiwa stakabadhi, ndipo hulipwa. Kituo chenye kompyuta huiachia mashine itoe namba ya stakabadhi yenyewe. Wengi hudhani namba hizo hazina mwisho. Zinao.

Kanzidata hutenga nafasi maalumu kwa kila namba. Nafasi ya baiti 2 huishia 32,767. Ya baiti 4 huishia 2,147,483,647. Kituo kinachokata stakabadhi 400 kwa siku kitaimaliza nafasi ndogo siku ya 82. Stakabadhi inayofuata hukataliwa, na malipo ya mkulima hukwama. Kufuta za zamani hakusaidii, kwani kwa kawaida mashine hairudii namba iliyokwisha kutolewa.

Dawa ni kupanua nafasi hadi baiti 4 au 8 kabla ya msimu, kwani kazi hiyo huweza kusimamisha ununuzi. Kenya nayo, namba za magari zilipofikia KZZ mwaka 1989, iliongeza herufi mwishoni, zikawa za mtindo wa KAA 001A.

Mwenye kituo amwulize fundi wake mapema: mwisho ni namba ipi, na sasa wamefikia ipi?