Kichocheo Kinachochujika: Mafuta ya Nazi ya Mafia na Mabaki ya Dizeli ya Mimea

Kisiwa cha Mafia, kinachotazamana na delta ya mto Rufiji, kwa muda mrefu kimetegemea mnazi kama zao lake kuu la biashara. Mafuta ya nazi, mbali na matumizi ya jikoni, yanaweza kugeuzwa dizeli kwa kuyamenyusha na metanoli. Makala haya yanafafanua suala linalosahauliwa katika mijadala ya nishati hiyo, yaani mabaki yake.

Molekuli ya mafuta ni gliseroli iliyoungana na asidi tatu za mafuta. Metanoli inapozitwaa asidi hizo, dizeli hupatikana na gliseroli hubaki. Kwa mafuta mengi ya mimea, kila kilo 100 huacha takriban kilo 10 za gliseroli. Mafuta ya nazi, ambayo karibu nusu ya asidi zake ni asidi lauriki yenye kaboni 12 tu, huacha kilo 13 hadi 14. Kwa hiyo penye minazi swali la mabaki ni zito zaidi kuliko penye alizeti.

Njia mojawapo ya kuyapa mabaki hayo thamani ni kuimenyusha gliseroli na asetoni ili kupata solketali, kiyeyushi ambacho pia huweza kuongezwa katika mafuta ya magari. Mmenyuko huo huhitaji kichocheo cha asidi. Asidi ya sulfuriki huyeyuka humo kama chumvi katika mchuzi: hufanya kazi, lakini sharti nguvu yake iondolewe kwa alkali, na zao la uondoaji huo ni taka nyingine. Katika kichocheo kilichoshikizwa kwenye polima, asidi hufungwa katika chembe ngumu zisizoyeyuka. Kazi ikiisha, chembe huchujwa kama machicha katika kifumbu, zikatumika tena.

Hata hivyo, pana mipaka miwili. Gliseroli ghafi hubeba sodiamu iliyotumika kutengeneza dizeli. Sodiamu hiyo hukalia nafasi za asidi, na kichocheo huchoka. Pili, polima ya kawaida hutokana na petroli. Ndiyo sababu watafiti wamegeukia selulosi ya mimea na kitosani ya magamba ya kamba na kaa, malighafi zisizo ngeni pwani ya Mafia.

Neno "kichocheo" limetokana na kuchochea moto. Kijiti cha kuchochea kikiachwa jikoni huungua pamoja na kuni. Ubora wa kichocheo, basi, haupimwi kwa kasi peke yake, bali pia kwa mara ngapi hutolewa kikiwa kizima, na kwa asili ya kitu kilichokiunda.