Neno Lililopita Njiani

Mama mmoja ameketi kwenye benchi la ofisi ya kata, Sumbawanga, amejitanda khanga mbili kwa baridi ya Juni. Mjumbe wa baraza la usuluhishi la ndoa anamuuliza, “Mama, kwa nini umeondoka kwa mumeo?” Anajibu, “Tulishindwana tu.” Kalamu inaandika: wameshindwana. Kisha, kama anayejisemea, anaongeza kuwa mambo yalibadilika msimu ule mume aliposhuka bondeni kulima mpunga. Hakuna anayemuuliza habari za msimu ule.

Mfano huo nimeutunga, lakini aliyewahi kukaa barazani ataujua. Robert S. Weiss, mwanasosholojia wa Marekani aliyefundisha Chuo Kikuu cha Massachusetts mjini Boston, angemwambia mjumbe huyo kwamba ameiacha sehemu nzito kuliko zote. Katika kitabu chake cha mwaka 1994 kuhusu kuhoji watu, *Learning from Strangers*, maneno ya namna hiyo anayaita alama. Mtu akitaja jambo kwa kupita, mara nyingi anabisha hodi aone kama utamfungulia. Mhojaji hamkatizi. Analiweka neno moyoni, na msimulizi akifika kituoni anamrudisha: “Ulisema alishuka bondeni. Hebu nisimulie siku aliyorudi.”

Litazameni swali lenyewe. Linaomba tukio: nani alikuwepo, nini kilisemwa, wewe ukafanya nini. Ukiuliza “kwa nini” mbele ya wazee, umeshafungua mashtaka, na mshtakiwa hujitetea. Ukiomba tukio, mtu hukumbuka.

Weiss hakuupata ujuzi huo vitabuni tu. Kabla ya kitabu chake cha 1973 kuhusu upweke, alikuwa amewachunguza wanachama wa chama cha wazazi wanaolea watoto peke yao. Wengi walipata marafiki na shughuli za kutosha, wakashukuru, lakini wakirudi nyumbani usiku upweke ulikuwa pale pale. Hapo akatenganisha upweke wa kukosa jamaa na marafiki na upweke wa kumkosa mtu mmoja wa karibu. Wa pili hauponi kwa dawa ya wa kwanza. Baadaye akaanzisha huko Boston semina za watu waliotengana na wenzi wao, na mwaka 1975 akatoa *Marital Separation*.

Jambo la kitabu hicho ninalopenda kila mjumbe alijue ni hili: mapenzi huweza kwisha, na mshikamano ukabaki. Weiss aliliegemeza wazo hilo kwenye kazi ya John Bowlby, daktari wa akili wa Uingereza aliyechunguza watoto waliotenganishwa na mama zao. Mtu mzima naye, hata kama hamtaki tena mwenziwe, hata kama alipigwa, huweza kushikwa na hofu na kukosa usingizi kwa sababu tu yule hayupo. Kwa hiyo mwanamke aliyeondoka Jumatatu na Alhamisi akampigia mumewe simu si kigeugeu, wala simu hiyo si ushahidi kwamba ndoa imepona. Nimesikia watu wakiifanya ushahidi. Wanakosea, na kosa hilo linaweza kumrudisha mtu kwenye kipigo.

Kwetu Ufipa jambo hili lina uzito wa pekee. Wamisionari Wakatoliki wa White Fathers waliipokea Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1885, na Ukatoliki ukaenea uwandani, ukaingia hadi kwenye malezi ya watoto na unyumba. Mwanahistoria Kathleen Smythe ameyaeleza hayo katika *Fipa Families* (2006), kuhusu familia za Nkansi kati ya 1880 na 1960, akiegemea sana masimulizi ya wazee. Kanisa huruhusu wanandoa kuishi mbalimbali kwa sababu nzito, lakini kifungo cha ndoa hubaki. Basi wapo wanaotengana maisha yao yote, si wachumba, si wajane, si waliotalikiwa.

Serikali ina njia yake. Kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kutengana kwa hiari kwa miaka 3 au zaidi ni mojawapo ya mambo ambayo mahakama inaweza kuyapokea kama ushahidi kwamba ndoa imevunjika kabisa. Lakini kwa kawaida huwezi kupeleka ombi la talaka mahakamani kabla shauri halijapita kwenye baraza la usuluhishi la ndoa, lenye mwenyekiti na wajumbe wasiopungua 2 wala kuzidi 5, na baraza kuandika hati kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Wajumbe hawa kazi yao ya kwanza ni kuhoji, nao hufika kikaoni na nasaha tayari mdomoni.

Ndugu wajumbe wa Sumbawanga, Nkasi na Kalambo, msikilizeni kila mmoja peke yake kabla ya kuwakutanisha. Na kabla ya kuandika hati, rudini kwenye lile neno lililopita njiani. Muulizeni yule mama habari za siku mumewe aliporudi kutoka bondeni, kisha mnyamaze mpaka amalize.