Umeweka 1JZ kwenye GX100 yako? Usisahau joto la oili

Kuna Mark II GX100 nyingi mtaani ambazo kwa nje ni zilezile tulizozizoea, lakini ukifungua boneti unakutana na injini nyingine kabisa. Ilikuja na 1G-FE ya lita 2.0, sasa imebeba 1JZ-GTE ya lita 2.5 yenye turbo.

Kubadilisha injini hivi si jambo la ajabu. Toyota yenyewe ilitoa gari hilohilo kwa jina la JZX100, likiwa na 1JZ-GTE kutoka kiwandani. Ndiyo maana mafundi wengi wanaipenda hii kazi: injini inakaa bila kukata kata bodi sana.

Ishu inakuja baadaye. Gari linakimbia, mwenye gari anafurahi, halafu siku moja kwenye safari ndefu injini inaanza kugonga. Mafundi wanasema "imenoki". Hapo mamilioni ya shilingi yameondoka.

Sababu zipo nyingi, ila moja inasahaulika sana: joto la oili. Na dawa inayotajwa sana ni kufunga rejeta ya oili. Je, gari lako linaihitaji kweli? Na ikifungwa, ifungwe vipi isije kuwa ndiyo inayoua injini? Twende taratibu.

Oili haifanyi kazi moja

Wengi tunajua oili inalainisha vyuma visisagane. Hiyo ni nusu ya kazi yake. Nusu nyingine ni kubeba joto.

Maji ya rejeta yanapooza kichwa cha injini na kuta za silinda. Lakini hayafiki kwenye beringi za kranki wala chini ya pistoni. Huko oili ndiyo inayochukua joto na kushuka nalo hadi kwenye sampu. Kwenye turbo, shafti inazunguka kwa kasi kubwa mno ikiwa imeelea juu ya oili, na pembeni yake kuna moshi wa moto unaotoka kwenye injini.

Sasa piga hesabu. 1G-FE ya GX100 ilikuwa na nguvu za farasi kati ya 140 na 160, kutegemea mwaka. 1JZ-GTE ya JZX100 ilitangazwa kuwa na 280. Nguvu zikiongezeka, joto nalo linaongezeka. Na mara nyingi rejeta, feni na njia za hewa zimebaki zile za injini ndogo.

Oili ikichemka sana inakuwaje?

Inakuwa nyepesi kama maji. Ule utando mwembamba unaotenganisha kranki na beringi unapungua, chuma kinagusa chuma, na hapo ndipo kugonga kunapoanzia.

Pia inazeeka haraka. Kanuni ya jumla ni kwamba kila joto likipanda nyuzi 10, kasi ya oili kuharibika inakaribia kuongezeka mara mbili. Oili uliyotegemea ikufikishe kilomita 5,000 inaweza kuwa imechoka kabla ya nusu ya safari hiyo.

Viwango vya kukumbuka, kwa nyuzi za Selsiasi:

- Chini ya 80: oili bado ya baridi, usikanyage sana mafuta.
- 90 hadi 110: hapo ni pazuri kabisa.
- 110 hadi 120: inavumilika gari likiwa na kazi nzito, kama kupanda mlima.
- Zaidi ya 120 kwa muda mrefu: anza kufikiria rejeta ya oili.
- Zaidi ya 130: punguza mwendo, usiendelee kulikamua gari.

Geji ya dashibodi haikuambii haya

Geji ya joto kwenye dashibodi inasoma maji, haisomi oili. Na kwenye magari mengi mshale umetengenezwa utulie katikati hata joto la maji linapopanda na kushuka kidogo. Unaweza kupanda Kitonga ukielekea Iringa, mshale umetulia katikati, na oili huko chini imeshapita 130.

Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, pima. Funga geji ya joto la oili yenye sensa yake. Ukiweza, funga na geji ya presha ya oili. Kisha endesha kama unavyoendesha siku zote: foleni ya mjini, barabara kuu, na mlima mrefu kama upo kwenye njia zako.

Kama kwenye mlima oili haipiti 110, hela yako peleka kwenye kitu kingine. Rejeta ya oili haiongezi nguvu hata kidogo.

Nani hahitaji

Kama gari lako linachemsha maji, rejeta ya oili si tiba. Tengeneza kwanza rejeta ya maji, feni, thamostati na mfuniko wa rejeta. Ukiongeza rejeta ya oili juu ya tatizo hilo, unaficha ugonjwa.

Kama umeweka 1JZ-GE isiyo na turbo na maisha yako ni kazini na nyumbani, huenda huihitaji kabisa. Kwenye foleni gari limesimama, hewa haipiti, na rejeta ya oili isiyo na feni inabaki kuwa pambo.

Anayeihitaji ni yule mwenye turbo, anayesafiri mikoani, anayepanda milima na mzigo au abiria, au aliyepandisha presha ya turbo juu ya ile ya kiwandani.

Vitu vinavyofungwa

Mfumo wenyewe ni vitu vitatu: sahani ya kati, hozi mbili na rejeta yenyewe.

Sahani ya kati, ambayo mafundi wanaiita sandwichi, inakaa kati ya injini na filta ya oili. Oili ikitoka kwenye pampu inapita kwenye sandwichi, inakwenda kwenye rejeta, inarudi, inaingia kwenye filta, ndipo inaelekea kwenye beringi.

Hakikisha sandwichi ina thamostati ndani yake. Nyingi zinafunguka karibu na nyuzi 80 hadi 90. Bila thamostati, asubuhi oili inachelewa kupata joto. Oili isiyopata joto inabaki nzito, na unyevu na petroli vilivyoingia ndani yake havipati nafasi ya kukauka. Hata sisi wa Dar tusijidanganye: ukiwa Njombe saa kumi na moja alfajiri utaelewa.

Ukubwa wa rejeta: kwa gari la barabarani lenye turbo kama hili, safu 16 hadi 19 mara nyingi zinatosha. Kubwa zaidi si lazima iwe bora.

Mtego wa nyuzi za filta

Hapa watu wanalizwa. Toyota nyingi za enzi hizo zinatumia nyuzi za 3/4-16 UNF kwenye filta. Subaru nyingi zinatumia M20x1.5. Robo tatu ya inchi ni milimita 19.05, nyingine ni milimita 20. Kwa macho zinafanana kabisa.

Ukilazimisha sandwichi isiyo yake, inaweza kuonekana imekaza kumbe imeshika nyuzi chache tu. Presha ikipanda, inachomoka. Nenda dukani na filta yako ya zamani mkononi, ijaribu kwenye sandwichi kwa vidole. Iingie laini bila spana.

Kumbuka pia kwamba kwenye 1JZ filta iko chini ya manifodi ya hewa, na nafasi ni finyu. Sandwichi inaisogeza filta nje kwa unene wake. Pima kabla hujalipa.

Hozi ndiyo roho ya kazi

Asubuhi injini ikiwa baridi, presha ya oili inaweza kufika bar 5 au zaidi. Hozi ya maji haiwezi. Mpira wa petroli na klipu za kukaza kwa bisibisi navyo visikaribie hapo.

Unahitaji hozi iliyotengenezwa kwa oili ya moto yenye presha, na viungio vyake vya kufungwa kwa nati. Saizi inayotumika sana ni namba 10 ya AN. Nyembamba sana inabana oili na kushusha presha.

Mambo manne ya kukagua fundi akimaliza:

- Hozi ziwe na ulegevu kidogo. Injini inatikisika kwenye mpira wake, bodi haitikisiki. Hozi iliyonyooka kama kamba itachomoka.
- Zisipite karibu na turbo wala bomba la moshi. Kama hakuna njia, zivishwe kinga ya joto.
- Zikipita kwenye tundu la bati, tundu livishwe mpira. Bati lisilovishwa linakata hozi polepole kama msumeno.
- Zisisagane na mkanda, feni wala tairi linapokatwa kona.

Rejeta ikae wapi?

Nyuma ya bampa ya mbele, panapopata hewa moja kwa moja. Isizibe rejeta nzima ya maji, maana hewa iliyokwishapata moto ndiyo itakayopooza maji. Isikae chini kabisa pia. Jiwe moja la barabara ya vumbi linatosha kuitoboa.

Midomo ya kuingiza na kutoa oili iwe juu au pembeni, hewa isijikusanye ndani. Ifungwe kwa vipande vya mpira isipasuke kwa mtikisiko. Wavu mdogo mbele yake ni wazo zuri, mradi uuoshe tope na wadudu mara kwa mara.

Ya mtumba? Fikiria mara mbili

Rejeta ya oili iliyotoka kwenye injini iliyonoki inabeba vumbi la chuma ndani ya mapezi yake. Utaiosha kwa petroli, utaipuliza kwa kompresa, na bado mengine yatabaki.

Utasema filta itayadaka. Mara nyingi, ndiyo. Lakini asubuhi oili ikiwa nzito, au filta ikiziba, vali ya filta inafunguka na oili inapita bila kuchujwa. Vumbi hilo linakwenda moja kwa moja kwenye beringi za injini uliyoinunua juzi. Na injini yako ikinoki, rejeta na hozi zake usizihamishie kwenye injini mpya.

Siku ya kwanza kuwasha

Usiwashe tu na kuondoka. Mfumo mpya una hewa ndani.

1. Weka oili mpya na filta mpya.
2. Toa fyuzi ya pampu ya petroli, piga stata kwa sekunde 10 hivi, pumzika, rudia hadi taa ya oili izime au geji ya presha ipande.
3. Rudisha fyuzi, washa, angalia kila kiungio kama kinavuja.
4. Acha injini ipate joto hadi thamostati ifunguke. Utaijua ukishika hozi kwa tahadhari: zote mbili zinakuwa za moto.
5. Zima, subiri dakika chache, pima kwa stiki, ongeza oili. Kwa kawaida mfumo unakula kati ya nusu lita na lita moja zaidi.
6. Andika kiasi kipya na ukibandike chini ya boneti, ili fundi mwingine asije kukupunja oili bila kujua.

Baada ya kilomita 100, rudi ukague tena viungio vyote.

Presha nayo iangalie. Kanuni ya zamani ya mafundi ni psi 10 kwa kila mizunguko 1,000 ya injini ikiwa ya moto. Kushuka kidogo baada ya kufunga rejeta ni kawaida. Kushuka sana maana yake kuna kitu kimebana au injini imechoka.

Taa ya oili ikiwaka njiani

Simama pembeni palipo salama na zima injini hapohapo. Usijisemee "nifike sheli ya mbele". Hozi ikipasuka, pampu inamwaga oili yote nje kwa muda mfupi sana, na beringi hazisubiri. Gari kuvutwa kutoka Ruaha Mbuyuni ni ghali, ila injini nyingine ni ghali zaidi.

Na kadi ya gari je?

Kadi ina namba ya injini. Ukibadilisha injini, peleka taarifa TRA kadi irekebishwe, na mjulishe anayekukatia bima. Tunza risiti ya injini pia. Siku ya ajali au siku ya kuuza gari, namba zisizofanana zinaleta maswali ambayo hutapenda kuyajibu ukiwa kituoni.

Kabla hujalipa, muulize fundi

- Joto la oili la gari langu umepima, au unakisia?
- Sandwichi ina thamostati? Nyuzi zake ni za injini hii?
- Hozi ni za oili yenye presha? Zitapita wapi?
- Rejeta ni mpya? Kama ni ya mtumba, ilitoka kwenye injini gani?

Fundi anayeijua kazi atajibu yote manne akiwa anakuonyesha kwa kidole. Akianza kukuambia "bosi, we niachie mimi", hela usiitoe kwanza. Anza na geji.