Kabla Hujalipia Balansi ya Tairi Kisumu

Uko njia ya Busia, ukigonga 80 usukani unaanza kutetemeka? Huenda tairi za mbele zinataka balansi. Mafundi Kisumu ni wengi, Kondele hadi Obote Road. Chagua anayekuacha usimame karibu na mashine. Tairi ikizungushwa, skrini huonyesha gramu zinazokosekana kila upande wa rimu. Fundi hubandika vyuma vya uzito, kisha anazungusha tena. Isiposoma sufuri pande zote mbili, bado hajamaliza. (Wengine huruka raundi hiyo ya pili, na ndiyo hasa unayoilipia!)

Lipa kwa Till ya duka, si kwa namba ya simu ya mtu. Hakikisha jina linalotokea ni la duka hilo, na usifute SMS: mtetemo ukirudi kesho, tarehe, saa na kiasi ulicholipa viko hapo.