Pangaboi linazunguka kwa uvivu? Angalia kapasita kwanza

Joto la Dar unalijua. Unawasha pangaboi, linaunguruma tu, au linazunguka kinyonge hata ukiweka namba ya mwisho. Usikimbilie Kariakoo kununua jipya. Mara nyingi mota bado nzima. Kilichochoka ni kapasita, kile kiboksi kidogo cheusi chenye nyaya. Fundi feni wa Buguruni anakibadilisha fasta.

Ndani ya kiboksi kuna utando wa plastiki aina ya polipropilini, mwembamba kuliko unywele, uliopakwa chuma na kuviringishwa. Chaji chanya inakaa upande mmoja, hasi upande wa pili, plastiki inazizuia zisikutane. Chaji hiyo hujaa na kutoka mara nyingi kila sekunde, na hivyo umeme wa koili moja ya mota unaitangulia nyingine. Kupishana huko ndiko kunaisukuma mota izunguke.

Adui ni joto. Kapasita nyingi za aina hii zina kikomo cha nyuzi 85 za Selsiasi, na pangaboi lililo chini ya bati la moto halina pa kupumulia. Plastiki ikipata joto, chaji inaanza kuvuja. Ikitoboka mahali, chuma cha pembeni kinageuka mvuke na tobo linajitenga. Ujanja mzuri, ila kila kovu linakula nafasi ya kutunza chaji. Ndiyo maana feni haifi ghafla, inachoka taratibu.

Shida hiyohiyo iko kwenye magari ya haibridi, ambayo hulazimika kuzipoza kapasita zake. Mwaka 2015, watafiti wa Penn State, Marekani, walichanganya polima na vipande vyembamba sana vya boroni naitraidi, vinavyozuia umeme huku vikisambaza joto. Utando huo ulitunza chaji hata kwenye nyuzi 250. Usiutafute madukani, pangaboi lako bado linategemea polipropilini.

Ukienda kununua, beba ile ya zamani. Namba ya maikrofaradi, mfano 2.5, ifanane, volti zisiwe chini ya zilizoandikwa. Kubwa zaidi inaweza kuunguza mota. Na kabla ya kufungua chochote zima umeme kwenye meini swichi, halafu usishike ncha za nyaya: kapasita inaweza kubaki na chaji hata umeme ukiwa umezimwa.